Herufi Nene Zilizobanwa Mbavu

Atokaye Nakwa kwenda Babati mjini hukutana na mbao za matangazo zilizoandikwa kwa herufi nene, ndefu, zilizobanwa mbavu. Mfano mashuhuri wa herufi hizo ni chapa iitwayo Impact, aliyoibuni Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965.

Faida yake ni dhahiri. Maneno yetu ni marefu, na ubao hauna upana. Herufi ikibanwa, yaweza kurefushwa na neno zima likaenea. Kwa neno moja kama MAZIWA, au kwa kichwa cha habari gazetini, yafaa sana.

Lakini unene ukizidi, matundu ya A, B na R huzibika, na kwa mbali herufi hufanana. Hapo pana hatari, kwa kuwa Kiswahili hutia ukanusho ndani ya neno lenyewe: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Asiyelisoma sawasawa aweza kumpa laghai akiba yake yote.

Basi, enyi mafundi, neno la onyo liandikeni kwa herufi pana, hata zikiwa ndogo. Kuonekana si kusomeka.