Istilahi za Kusubu Alumini: Uhakiki kwa Kuzingatia Fundi wa Kuluba
Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi huo utapimwa hata karakanani. Fundi wa Kuluba, wilayani Koboko, akitaka kusubu alumini isiyoyeyuka kabisa, atahitaji istilahi sahihi. Tafsiri mbili zinazojitokeza kwa wepesi hazimfai.

Ya kwanza ni "joto la umeme". Haitenganishi tanuri la waya, linaloipasha metali kutoka nje, na koili ambayo uga wake wa sumaku huzalisha mikondo ndani ya metali yenyewe. Mikondo hiyo hukusanyika karibu na uso. Nguvu ikizidi, ganda huyeyuka ilhali kiini bado kigumu. Istilahi isiyoitaja mikondo humficha fundi sababu ya kusubiri.

Ya pili ni "nusu yabisi". Aloi ya A356, yenye silikoni takriban asilimia 7, ikiandaliwa ipasavyo na kufikia nyuzi 580 hivi za Selsiasi, husimama pasipo kumwagika, lakini hutiririka inaposukumwa kalibuni. "Nusu" hutaja kiasi, haitaji tabia. Endapo itabakizwa, fasili yake haina budi kubeba sifa zote mbili: kusimama na kutiririka.

Kwa istilahi ya kwanza, "mpasho kwa mikondo ya ndani" ni refu, ila halipotoshi. Wanaosanifu istilahi wawasikilize wasubu kabla ya kuidhinisha. Kosa la kamusi hulipiwa kwa metali iliyoharibika.