Mura, Umeliona Hili Shati? Mwonekano Mpya wa Kiangazi, Tarime Mpaka Mugumu

Mura, simama hapo hapo! Kama ulikuwa njiani kwenda kununua jinzi nyingine nyeusi ya kubana, rudisha hela mfukoni kwanza. Mwonekano wa mwanamume wa kiangazi hiki umeshatua. Umetua kwenye meza za mitumba Tarime mjini, umetua Sirari mpakani, umetua Mugumu. Nimeupapasa, nimeuvaa, nimeupeleka kwa fundi cherehani na kwa kinyozi, na hukumu naitoa sasa hivi bila kukuzungusha: ni moto! Tena raha yake ni kwamba haukuletwa ili tuwaige watu wa Dar es Salaam. Ukiuangalia vizuri, ni kama jua letu, vumbi letu na baridi yetu ya jioni ndivyo vilivyokaa kikao vikauchagua.

Seti yenyewe ni hii: shati la kitani la kola wazi, kadeti yenye nafasi, safari buti za ngozi, sweta la jioni, na kichwa kilichopita kwa kinyozi anayejua kazi. Basi. Vitu vichache, na kila kimoja kina sababu.

Tuanze na shati, maana ndilo lililonichanganya. Mikono mifupi, kola inayolala wazi kifuani, chini limekatwa mstari ulionyooka ili livaliwe nje ya suruali bila kuonekana umetoka shamba. Rangi ya mchanga! Nililishika na papo hapo nikaelewa. Kitani hutokana na bua la mmea, nyuzi zake zinanyonya jasho na kuliachia hewani upesi, wakati poliesta inakugandia mgongoni mpaka jioni. Sisi tuko chini ya nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Saa saba mchana Mugumu jua liko utosini, na hapo ndipo shati hili linapoanza kujieleza. Upepo mdogo ukipita, unausikia mwilini!

Jinsi ya kulitambua kwenye rundo: tazama nyuzi zake kwa karibu, kitani halisi kina nyuzi nene hapa, nyembamba pale. Likunje kiganjani, libane, liachie. Likibaki na makunyanzi, umepata. Na hapo ndipo penye kasoro yake ya wazi, kwani kitani kinakunjamana. Panda bodaboda kutoka Nyamongo kwenda Mugumu, utashuka na ramani nzima mgongoni. Asiyeweza kuvumilia hilo atafute mchanganyiko wa kitani na pamba, usiokunjamana sana na unaopitisha hewa karibu vilevile.

Wazee hawatashangaa sana. Shati la mikono mifupi lenye mifuko ya kushonwa juu, livaliwalo nje, wameliona tangu enzi za suti za Kaunda, na Mwalimu Nyerere wa Butiama, mkoa huu huu, alilipa heshima ya ofisini vazi la namna hiyo lisilo na tai. Hili jipya limepunguza ukakamavu tu. Unaweza kulivaa kwenye kikao cha mahari asubuhi, ukaenda nalo kula nyama choma jioni.

Sasa rangi, na hapa ndipo nilipopagawa kabisa. Mchanga, kaki, kijani cha majani makavu, kahawia, nyeupe ya maziwa. Ukiwa Wilaya ya Serengeti, rangi hizi ni akili! Mbung'o wanavutwa na bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Waongoza watalii wanaotuletea wageni kuona nyumbu wakivuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba wanalijua hilo siku nyingi. Watazame wanaposhuka Mugumu kununua vocha: kaki juu, kaki chini, na bado wanapendeza kuliko sisi tulioganda kwenye nyeusi. Juu ya hayo, kaki inaficha vumbi la barabara zetu zisizo na lami. Shati jeupe pee linapendeza mpaka lori la kwanza lipite.

Onyo moja, mura, kabla hujaingiwa na tamaa kwenye rundo: mabaka ya kijeshi yaache. Hata yawe mazuri vipi, hata muuzaji aape kwamba ni fasheni tu ya Ulaya. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Tarime, ambako karibu kila ukoo una mtu aliyepitia jeshini, huwezi kujitetea kwamba hukujua.

Tushuke kiunoni. Kadeti! Marinda mawili mbele, nafasi pajani, inapungua taratibu kuelekea kifundoni na kuishia pale kiatu kinapoanzia. Mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana kupiga vita suruali za kubana pamoja na sketi fupi, na haikufua dafu mbele ya fasheni. Lakini nikuhakikishie, joto na marinda haya mawili vitaimaliza hiyo modo yako ya kubana bila mgambo hata mmoja. Unachuchumaa, unapanda pikipiki, unaruka mfereji, hakuna mshono unaolia.

Lakini nyota wa msimu huu ni fundi cherehani wa barazani. Narudia, fundi! Shati la mtumba lilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine wa ng'ambo. Kanuni ni fupi: nunua kwa mabega, mengine mwachie fundi. Mshono wa bega uishie bega lako linapoishia, kwa sababu kurekebisha mabega ni sawa na kulibomoa shati lote. Kiuno, urefu na upana wa mikono anavimaliza wewe ukiwa unakunywa chai. Nililivaa shati lile lile kabla na baada ya kupunguzwa ubavuni, na muuza chai aliyekuwa pembeni akaniuliza nimelinunua duka gani!

Miguuni, safari buti zinatisha. Zile za Bata zinazotengenezwa Limuru nchini Kenya ziko jirani tu, mpaka wenyewe ni wa kuvuka kwa miguu pale Sirari. Na anayetaka cha nyumbani, ngozi ya Karanga, Moshi, iko imara. Ngozi ya suedi haipigwi rangi, inasuguliwa kwa brashi kavu, vumbi linatoka, maisha yanaendelea. Mchana wa mapumziko vaa makobazi ya ngozi, au katambuga za tairi kama unajiamini. Raba nyeupe? Nazipenda, lakini huku ni kazi ya kila jioni na mswaki.

Jua likizama, usidanganyike. Tarime mjini ni mwinuko wa karibu mita 1,500, na Juni au Julai baridi inaingia kabla hujamaliza mishkaki. Hapo ndipo sweta jembamba la kahawia linapoingia juu ya lile shati, kola ikachungulia nje. Lo! Mchanganyiko huo ndio ulionifanya nipige picha za kuwatumia ndugu.

Sasa kichwa, maana pamba bila kinyozi ni nusu kazi. Mtindo wa msimu ni mfupi na safi: pembeni mashine inashuka taratibu mpaka karibu na ngozi, juu nywele zinabaki kidogo, mstari wa paji unafuata pale nywele zilipoota zenyewe. Hakuna kuusukuma nyuma mpaka katikati ya kichwa. Hakikisha wembe ni mpya, unafunguliwa mbele ya macho yako, na mashine inapanguswa kwa spiriti. Ukipakwa piko ili mstari ukolee, jaribu kwanza tone nyuma ya sikio na usubiri saa 48, kwa kuwa dawa nyingi za kutia weusi zina kemikali inayoweza kuvimbisha uso mzima.

Ndevu zimerudi, na nimefurahi mno! Fupi, zimechongwa shavuni na shingoni. Kwetu sisi wenye nywele za kujikunja, wembe unaokwangua mpaka chini huacha unywele uliochongoka, ukajipinda na kurudi ndani ya ngozi. Hapo ndipo vipele vya shingoni vinapotokea. Dawa yake ni kuacha milimita moja kwa mashine, kunyoa kuelekea nywele zinakolala, na taulo la maji ya moto kabla. Shingo yangu imetulia kama haijawahi kuonja wembe.

Uso uoshe, upake mafuta kungali na unyevu, kwa kuwa kiangazi hiki kinapausha mpaka viwiko. Mkorogo usiuguse. Baadhi ya krimu hizo za kujichubua zina zebaki, madini yale yale ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, na ni sumu kwa figo. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta vizuri, juu yake shati la rangi ya mchanga? Hakuna rangi duniani inayoushinda mchanganyiko huo, na hili nitabishana na yeyote.

Hukumu: 9 kati ya 10. Alama moja imeliwa na makunyanzi ya kitani na uhaba wa saizi kubwa. Vijana wa Kikurya wenye mabega mapana itawabidi wachimbe rundo mapema, kabla ya saa mbili asubuhi robota linapofunguliwa. Mwalimu inamfaa, dereva wa bodaboda inamfaa, mchimbaji aliyetoka zamu inamfaa, hata baba mkwe inamfaa. Kama hela ni kidogo, fuata mpangilio huu: kinyozi leo, fundi kesho na mashati uliyonayo tayari, kisha shati la kitani, kisha kadeti, buti mwisho. Viwili vya kwanza ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo watu watakavyoviona kwanza. Haya, kimbia, mura, mashati yanaisha!