Hesabu ya waya juu ya dari

Nyumba nyingi mpya za Nyakato, Manispaa ya Musoma, hufanyiwa wayaringi kwa njia ileile. Kuta zikipanda, fundi huchimbia paipu za plastiki kutoka kwenye soketi na swichi hadi juu ya linta. Kenchi na mabati vikishapigwa, hupanda akaunganisha paipu juu ya mbao za dari, akaweka boksi za duara kwenye makutano, kisha akavuta waya: milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Soketi hulindwa na breka ya ampea 20. LUKU ikifungwa na taa zikiwaka, jipsam hufunika kila kitu.

Mpangilio huo una mema yake. Paipu humzuia panya, na waya ulioungua unaweza kuvutwa na kubadilishwa bila kuvunja ukuta. Tatizo liko kwenye hesabu: waya umechaguliwa kana kwamba unapita sebuleni.

Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo mafundi wa zamani wanazijua kwa jina la IEE, zinasema jozi ya waya za shaba za 2.5 zenye ganda la PVC, ndani ya paipu iliyofungwa juu ya ukuta au mbao, inaweza kubeba ampea 24. Sharti ni kwamba hewa inayoizunguka iwe na nyuzi 30. Mchana wa jua kali, chini ya bati lisilo na matundu ya hewa, joto linaweza kufika nyuzi 50. Ganda la PVC halitakiwi kupita nyuzi 70. Kwa hiyo waya ulioanzia 50 umebakiwa na nyuzi 20 tu za kupandishwa na mzigo wa umeme, badala ya 40. Jedwali la kanuni hizo linataka uzidishe kwa 0.71, na ampea 24 zinashuka hadi 17. Ukibana sakiti mbili zenye mzigo kwenye paipu moja, zidisha tena kwa 0.80: zinabaki 13.6.

Breka haina habari na joto la darini. Birika la wati 2,000, pasi ya 1,200 na jiko la umeme la 1,000 vikitumika pamoja kwenye volti 230 huvuta ampea 18 na kidogo. Breka ya 20 haitaanguka. Ganda la waya ndilo litakaloumia: linakauka na kupasuka mwaka hadi mwaka, hadi siku shoti itakapotokea mahali pasipoonekana.

Tiba yake ni rahisi. Kila sakiti ya soketi ipewe paipu yake, na breka ishushwe hadi ampea 16. Anayetaka kubaki na 20 avute waya wa milimita 4, ambao hata kwenye nyuzi 50 hubeba ampea 22. Bomba la maji moto bafuni la wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Hilo linadai waya wa milimita 6 na breka ya 25. Sakiti ya taa haina shida: waya wa 1.5 bado unabeba 12, na breka yake ya kawaida haizidi 10.

Baada ya hesabu, tazama njia. Papi ya inchi 2 ikipigiliwa msumari wa inchi 3, ncha yaweza kutokeza upande wa chini. Paipu iliyofungwa hapo yaweza kutobolewa fundi bati akirudi kupiga msumari mwingine. Uingereza hutaka waya unaopita kwenye tundu la boriti ukae milimita 50 kutoka ukingoni. Marekani hutaka waya ulio ndani ya mita 1.8 kutoka mlango wa darini uwekewe kinga, maana hapo ndipo watu hukanyaga.

Maungio nayo yasifungwe kwa tepu tupu, kwa kuwa gundi yake hukauka kwa joto na tepu ikabanduka. Tumia konekta ndani ya boksi lenye mfuniko, na boksi lifikike hata baada ya jipsam kufungwa. Waya uliochubuka ukigusa bati, paa zima hushika umeme pamoja na mfereji wa maji ya mvua. Hivyo ethi imara na kifaa cha kukata umeme unaovuja kwa miliampea 30 ni vya lazima.

Mwenye nyumba, mwite mkandarasi mwenye leseni ya EWURA kabla fundi wa jipsam hajaanza. Mwombe akuonyeshe boksi zilipo, idadi ya sakiti katika kila paipu, na namba iliyoandikwa kwenye breka ya soketi. Breka ya 16 na ya 20 bei zake hazipishani sana. Kubomoa dari ni gharama nyingine kabisa.