Magazeti na Damu ya Rwanda

Wale kati yenu waliokaa Goma katika mwezi wa Julai 1994 hawana haja ya kuelezwa. Kwa siku chache mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda. Kisha ikaja kolera, ikaua makumi ya maelfu. Nchi ya Goma ni mawe ya volkano. Hata kaburi halichimbiki kwa jembe. Ndipo walipofika Wazungu wenye kamera, wengi kuliko tuliopata kuwaona kabla, na ulimwengu mzima ukalia mbele ya picha zetu.

Machozi yale yalikuwa ya kweli, na wagonjwa wale walikuwa watu wa Mungu. Lakini wengi waliotazama picha hizo huko Ulaya na Marekani walidhani kwamba wanaona wale waliofanyiwa mauaji ya kimbari. Hapana. Watutsi waliouawa tangu Aprili walikuwa wamekwisha lala mashimoni, mitoni, na hata ndani ya makanisa. Katika wale waliovuka walikuwamo akina mama na watoto wasio na kosa, tena walikuwamo askari wa serikali iliyoshindwa na vijana wa Interahamwe walioua. Kamera hazikuwatenga.

Neno hili limenirudia nilipokisoma kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Media and the Rwanda Genocide. Kilitoka mwaka 2007, na aliyekikusanya ni Allan Thompson, mwalimu wa uandishi wa habari katika chuo kikuu cha Carleton, Kanada. Si mtu mmoja aliyekiandika. Ni waandishi wengi, wengine walikuwapo Kigali siku zile. Ni kitabu kizuri, nacho kina pengo kubwa.

Uzuri wake ni kwamba waandishi wa habari wanajishitaki wenyewe. Mark Doyle wa BBC, aliyekuwa mmoja wa wageni wachache sana kule, anakiri kwamba siku za kwanza alitumia neno «machafuko», kumbe yalikuwa mauaji yaliyopangwa. Ni vigumu kumpata mwandishi anayesema hadharani, «Nilikosa.» Nick Hughes naye anasimulia jinsi alivyopanda juu ya shule ya Wafaransa mjini Kigali, akapiga picha ya watu wakiuawa njiani ng'ambo ya pili. Picha hiyo ni moja ya chache sana zilizoonyesha kuua kwenyewe. Baadaye ilipelekwa mbele ya mahakama ya Arusha, ikapewa namba 467. Watu mamia ya maelfu walikufa kwa siku kama 100, na picha za tendo lenyewe zinahesabika kwa vidole!

Sababu mojawapo ni nyepesi: waandishi wengi walikuwa Afrika ya Kusini kwa uchaguzi wa mwezi ule ule wa Aprili, uliompa Mandela uraisi. Na ndege zilizokuja Kigali kuwaokoa Wazungu ziliwachukua waandishi pia.

Lakini kosa zito halikuwa la kutokuwapo. Lilikuwa la neno. Magazeti mengi yaliandika «vita vya makabila» na «chuki ya tangu kale». Tusiwacheke wageni, sisi pia, kwa Kiswahili chetu, tulisema «vita vya kikabila» bila kufikiri. Je, kabila gani? Wahutu na Watutsi na Watwa wana lugha moja, Kinyarwanda. Wamekaa vilima vile vile. Hata koo zao zimechanganyika: katika ukoo wa Abasinga au wa Abagesera utakuta Mhutu na Mtutsi pia. Tena vita ni watu wawili wanaopigana. Mama aliyekimbilia kanisani na mtoto mgongoni alikuwa anapigana na nani?

Neno hilo lilikuwa na faida kwa wakubwa. Kama ni chuki ya kale, basi ni kama mvua au tetemeko: hakuna wa kuulizwa. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake, kutoka kama 2,500 hadi 270. Wabelgiji walikuwa wamekwisha ondoa wao, baada ya 10 kuuawa. Nani katika Ulaya angeandamana, naye amesoma asubuhi kwamba Waafrika wanapigana kama desturi yao?

Na hapa ndipo penye pengo la kitabu. Kinaeleza vema redio RTLM na gazeti la Kangura, lakini juu ya wale waliolitia neno «kabila» katika karatasi ya serikali kinapita mbio. Sisi wa Kongo tungeweza kuwasaidia. Mwami Musinga, aliyeondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, alifia uhamishoni kwetu Moba, mwaka 1944. Katika miaka ile ile ya kumwondoa, machefu Wahutu walitolewa katika kazi zao na kuwekwa Watutsi, na Monsinyori Classe, mkuu wa misioni, aliishauri serikali isiwaache Watutsi. Kisha ikafanyika hesabu ya watu ya 1933 na 1934, na kila mtu mzima akapewa kitambulisho kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Majina hayo yalikuwapo kabla ya Mzungu, na dhuluma pia ilikuwapo. Lakini lililoweza kugeuka likafungwa kwa wino. Mwaka 1959 Wabelgiji wenyewe wakageuka: Kanali Logiest akawaondoa machefu Watutsi, akaweka Wahutu, na wakimbizi wa kwanza wakaja kwetu, na Burundi, na Uganda, na Tanganyika. Mwaka 1994, penye vizuizi vya njiani, kitambulisho kile ndicho kilichoombwa kwanza.

Gazeti la Ulaya lililoandika «chuki ya kale» lilikuwa linaficha, kwa kujua au kwa kutojua, mwandiko wa nyumba yake. Waziri Mkuu Verhofstadt alikwenda Kigali kuomba msamaha tarehe 7 Aprili 2000. Miaka 6 ilikuwa imepita.

Lakini wako siku hizi wanaomtwika Mbelgiji mzigo wote, nao siwafuati. Rwanda ilijitawala tangu 1962. Serikali ya Kayibanda na ile ya Habyarimana zilikiacha kitambulisho kile kile kwa miaka 32, maana kiliwafaa. Anayesema kwamba ukoloni ndio ulioua, anamwachilia jirani aliyeshika panga.

Msomaji wa Kivu ataniuliza: Na wafu wetu je? Swali hilo ni la haki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, juu ya maovu yaliyotendwa kwetu tangu 1993 hadi 2003, haikupata nafasi magazetini kama kolera ya Goma. Lakini hatuwaheshimu wafu wetu kwa kupunguza hesabu ya wafu wa Rwanda.

Nasi Wakatoliki tusijifiche nyuma ya magazeti ya wengine. Kinyamateka, gazeti la Kanisa la Rwanda, liliongozwa miaka ya 1950 na Kayibanda huyo huyo, kabla hajawa raisi. Lakini toka 1988 liliongozwa na Padri André Sibomana, naye akaandika wazi juu ya rushwa na mauaji ya serikali ya Habyarimana, hata akashitakiwa. Aliponea chupuchupu mwaka 1994. Serikali mpya ilipoingia akaandika makosa yake pia, mpaka alipokufa mwaka 1998.