Chakula Kipi Kipelekwe Maabara? Somo Kutoka Kyeni

Kupima virutubisho ni kazi ya gharama. Protini, madini na vitamini kila kimoja kina njia yake ya kupimwa, na sampuli moja ya sokoni haitoshi kusemea eneo zima. Ndiyo maana hakuna nchi inayopima kila kinacholiwa. Lazima kuchagua, na uchaguzi ukikosewa, usahihi wa mashine hauwezi kuuokoa.

Kati ya 1984 na 1986, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha California walifanya kazi Kyeni, Embu. Walianzia jikoni: wakapima kwa mizani kilichoingia sufuriani na kilichomfikia kila mtu. Ilidhihirika kwamba mahindi na maharagwe ndiyo mlo wenyewe, nyama na maziwa ni haba.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua cha kupeleka maabara. Unazidisha kiasi kinacholiwa kwa kiasi cha kirutubisho kilichomo, kisha unapanga vyakula kwa mchango wao. Mahindi yana chuma kidogo, ila huliwa kwa wingi kiasi kwamba hupanda juu ya orodha. Tena, kwa mlo wa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kupima chuma na zinki peke yake hakutoshi: faiteti iliyomo kwenye nafaka na maharagwe huzuia mwili kufyonza madini hayo, kwa hiyo nayo ipimwe. Vitamini B12 ni kinyume. Mahindi na maharagwe hayana, hivyo fedha zote za kipimo hicho ziende kwenye maziwa, nyama na mayai.

Shaka yangu huanza orodha ya Kyeni inaposhushwa Mbeere na Tharaka. Huko ni kukavu, na watu hutegemea zaidi mtama, uwele, ndengu, kunde na mbaazi. Ukipanda Meru kwa Waimenti au Waigembe, utakuta ndizi, nduma na viazi vikuu. Ukichanganya wote katika wastani mmoja, wengi watawameza wachache, na uwele utaanguka nje ya orodha ilhali kuna nyumba zinazoutegemea.

Chukua wimbi. Gramu 100 zina kalisi ya takriban miligramu 300 au zaidi. Mahindi hayafikishi hata sehemu ya kumi ya hiyo. Katika wastani wa familia wimbi laweza kuonekana dogo, lakini kwa mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wake, huenda ndilo chanzo kikuu cha kalisi.

Kwa hiyo orodha zipangwe kwanza kwa kila ukanda na kwa kila rika, ndipo ziunganishwe, na chakula kilicho kikuu kwa kundi hata moja kisikatwe. Serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu zigharimie upimaji wa jikoni kabla ya kulipia maabara.