Taa ya Zizi na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanaadamu akili ya kufikiri na mikono ya kutenda. Ama baada ya hayo.

Nalikuwa Karatu, mji ulio njiani kuelekea lango la Ngorongoro, mgeni wa nyumba ya Waislamu wenye asili ya pwani. Baada ya sala ya Isha vijana wa nyumba ile walinionyesha mambo mawili katika simu, wakanitaka niwaamulie lipi lililo bora. La kwanza lilikuwa mchezo wa roboti wapiganao. La pili lilikuwa hotuba ya mtoto wa Kimasai juu ya taa zifukuzazo simba. Niliwajibu usiku ule kwa maneno machache. Leo nataka kuwajibu kwa ukamilifu, kwani naona jambo lenyewe lawahusu hata walio Mombasa, Tanga na Unguja.

Nianze na roboti. Mashindano haya yalianzishwa na Marc Thorpe mjini San Francisco mwaka 1994, na mwaka 1998 BBC ikaanza kuyaonyesha Uingereza kwa jina la Robot Wars. Watu wenye mapenzi ya ufundi huunda mashine majumbani mwao, wakazitia mota, betri, magurudumu na silaha: nyundo, msumeno, au chuma kizungukacho kwa kasi. Kisha mashine mbili hutiwa uwanjani, zikaendeshwa kwa mbali, hata moja ishindwe kwenda.

Insafu yatutaka tuseme kweli. Hapana damu hapo, wala si sawa na kupiganisha majogoo, jambo ambalo wanavyuoni wamelikataza kwa kuwa mnyama huhisi maumivu. Tena kijana aundaye roboti hujifunza kulehemu, kupima umeme na kusawazisha uzito, na yote hayo ni elimu. Kosa la mchezo ule ni kipimo chake. Fundi bora kwao ni yule aliyeivunja kazi ya fundi mwenziwe. Kazi ya miezi huteketea kwa dakika chache, na watazamaji hushangilia kuvunjika kwake. Je, kijana aliyelelewa kwa kipimo hicho atajifunza wapi kuuliza ufundi wake wamfaa nani?

Asidhani mtu kuwa naichukia mitambo. Al-Jazari, Mwislamu aliyewatumikia wafalme wa Diyar Bakr, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake mashuhuri cha mitambo. Humo ameeleza vyombo vya kupandisha maji, saa yenye umbo la tembo, na mtambo wenye sura ya mtumishi amiminaye maji ya kutawadhia. Si vyote alivyovitengeneza vya kuigwa, kwani vingine vilikuwa vya anasa ya mabaraza ya wafalme. Lakini yatosha kutuonyesha kuwa kuchezea magurudumu na maji si ugeni kwetu.

Sasa nije kwenye hotuba. Msemaji wake ni Richard Turere, wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Aliitoa mwaka 2013 katika jukwaa la TED, Long Beach, California, akiwa na umri wa miaka 13. Asimulia kwamba kazi yake ilikuwa kuchunga ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakitoka mbugani usiku na kuwaua. Alijaribu moto, akaona wamsaidia simba kuliona zizi. Akajaribu sanamu la mtu. Simba wakalizoea upesi. Usiku mmoja alipozunguka na tochi akatambua kuwa simba waogopa mwanga utembeao. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa kiwashacho na kuzima taa za ishara za pikipiki, balbu za tochi mbovu na sahani ya umeme wa jua, akazifanya taa zimulike kwa zamu kama kwamba mtu azunguka zizi.

Mtu wa Karatu huielewa hotuba hii kuliko sisi wa pwani. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama pori wakae katika ardhi moja. Na ingawa tangu mwaka 2022 baadhi ya Wamasai wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, wako ambao hata leo hulala na ng'ombe zao ndani ya boma la miiba, na simba yu nje. Simba aingiapo bomani, mwenye mali hupata hasara, na hasira yake humrudia simba kwa mkuki au kwa sumu. Basi taa zile zaokoa roho za pande mbili, na silaha haikutumika. Hapo ndipo zilipowashinda roboti wale.

Lakini nina neno juu ya hotuba yenyewe. Yule mtoto asema kwamba jirani yake, bibi mmoja aliyekuwa akipoteza mifugo, alimwomba amwekee taa, naye akamwekea; na jumla alikwisha kuweka katika nyumba saba. Ayasema haya upesi, kisha aendelea na ndoto yake ya kuwa rubani na mhandisi wa ndege. Kwa maoni yangu nyumba zile saba ndizo kiini cha hotuba, na zilistahili kuelezwa zaidi kuliko ndege.

Sababu yangu ni hii. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi juu ya taa za namna hii pembezoni mwa mbuga ile ile. Ulionyesha kuwa maboma yenye taa yalipata nafuu kubwa usiku. Lakini waandishi wake waliona pia kwamba simba walielekea mbali zaidi, kwenye maboma yasiyokuwa na taa. Simba hakuacha kuwa na njaa. Alihamia kwa jirani.

Twasema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maneno hayo ni ya hekima, lakini wangapi wetu hutia maji kichwa chetu tu, tukamwacha wa tatu akavu?

Na mambo haya yako hata sebuleni mwetu. Nyumba nyingi sasa zina ruta ya intaneti, na ndani yake mna ngome, yaani kanuni za kumzuia wa nje asiingie bila kuitwa. Suratun Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, basi ngome hiyo ni adabu njema. Lakini mwenye nyumba akiliacha neno la siri lile lile la kiwandani, huiba mlango wake mwenyewe. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliingia kwa njia hiyo katika kamera na ruta mamia ya maelfu duniani, ikazitumia kuwashambulia wengine. Wenye nyumba hawakujua kuwa vyombo vyao vimekuwa silaha. Ajuaye kulibadili neno la siri na kufunga mlango, akalifanya kwake tu, amefanya nusu ya kazi.

Basi vijana wangu wa Karatu, hukumu yangu ni hii: undeni mpendavyo, hata roboti, maadamu hampotezi mali wala sala. Lakini mkimaliza chombo chochote, mwulize jirani kitamfikia vipi. Mtume (S.A.W.) ametuusia juu ya jirani kwa mkazo ambao kila mtoto wa chuoni aujua, wala hakusema haki hiyo yakoma mbele ya nyaya na betri.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Wa billahi tawfiq.