Kuota, Kujiwa, Kumiliki: Ndoto ya Calpurnia katika Juliasi Kaizari na Swali la Mwaguzi Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ndoto kama jambo linalogombewa katika fasihi na katika mazungumzo ya jamii. Hoja kuu ni kwamba kinachogombewa si maana ya ndoto peke yake, bali haki ya kuisimulia na kuiagua. Hoja hiyo inajengwa kwa kusoma upya onyesho la ndoto ya Calpurnia katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius K. Nyerere, na kulilinganisha na matumizi mawili ya neno ndoto katika wilaya za Tarime na Serengeti: ndoto ya mwonaji wa kimila, na ndoto ambayo msichana anahimizwa kuitimiza. Makala yanadai kwamba matumizi hayo mawili, yanayodhaniwa kupingana, yanakabiliwa na hatari moja.

1.0 Utangulizi

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, neno ndoto lina maisha mawili. La kwanza ni la usiku. Katika Kikuria mwonaji huitwa omorooti, yaani muotaji. Jina la kazi yake limetokana na kitenzi cha kuota. Malcolm Ruel, aliyeandika juu ya waonaji hao katika jarida la Africa mwaka 1991, anatukumbusha kwamba kwa Wakuria uonaji si mapambo ya simulizi bali ni sehemu ya historia yenyewe. Maisha ya pili ni ya mchana. Yeyote aliyehudhuria mkutano wa hadhara wa kupinga ukeketaji Mugumu au Tarime mjini atakuwa amesikia kwamba mila hiyo inazima ndoto za wasichana, na kwamba elimu inazitimiza.

Je, ni neno moja au ni maneno mawili yanayofanana sura? Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeichukulia ndoto zaidi kama mbinu: kionjo cha yatakayotokea, au mlango wa kuingilia uhalisiajabu, kama ilivyo desturi katika kuhakiki Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Mtazamo huo una manufaa, lakini unaruka swali la awali. Kabla ndoto haijawa na maana, lazima mtu aisimulie. Nani anaisimulia, na nani anapewa nafasi ya kusema maana yake?

2.0 Sarufi ya Ndoto

Tuanze na lugha yenyewe. Mzizi wa Kibantu uliozaa kuota ndio uliozaa kulota katika Kisukuma na okoroota katika Kikuria. Kiswahili kimeipoteza konsonanti ya mwanzo ya mzizi huo katika kitenzi, lakini katika nomino imesalia kwa kukingwa na nazali ya ngeli: ndoto. Msemaji wa Kikuria anayejifunza Kiswahili kwa hiyo hakuti neno geni; anakuta ndugu wa neno lake.

Lililo muhimu zaidi ni sintaksia. Kiswahili kina njia tatu za kulieleza tukio la ndoto. Mtu husema, "Nimemwota babu". Hapo muotaji ni mtenda, na ndoto ni tendo lake. Husema pia, "Babu amenijia usingizini". Hapo mtenda ni marehemu, na muotaji ni mwenyeji tu wa ujio huo. Njia ya tatu ni ya kumiliki: "Nina ndoto ya kuwa daktari." Hapa hakuna usingizi wala ujio, bali kuna mali ambayo mtu anayo, na ambayo anaweza kuporwa.

Njia hizi tatu zinabeba nadharia tatu za kwa nini watu huota. Ya kwanza inakaribiana na sayansi ya usingizi, ambayo tangu Aserinsky na Kleitman waeleze mwaka 1953 usingizi wa macho yanayocheza chini ya kope, imeitazama ndoto kama kazi ya ubongo wa aliyelala. Mwaka 1977 Hobson na McCarley walikwenda mbali zaidi wakadai kwamba ubongo hupokea misukumo isiyo na mpango, kisha ukaitungia kisa. Ya pili ni nadharia ya wahenga wetu, wa bara na wa pwani: ndoto huletwa. Ya tatu inakaribiana, pengine bila wasemaji kukusudia, na Freud, aliyedai katika kitabu chake cha mwaka 1900 kwamba ndoto ni utimizo wa matakwa.

Kitenzi kutabiri kinaongeza jambo. Katika Kiarabu asili yake inahusu kuitolea ndoto maelezo, elimu ambayo Waislamu wameinasibisha na Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 728. Katika Kiswahili maana yake imesogea hadi kusema yatakayokuja. Msogeo huo ni ushahidi kwamba katika lugha yetu anayeieleza ndoto hutarajiwa kuieleza kesho. Ndiyo maana mwaguzi ana nguvu.

3.0 Calpurnia: Ndoto Iliyosimuliwa na Mwingine

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, katika jamii ya Wazanaki, majirani wa Wakuria, Wangoreme na Waikizu. Jina lake Kambarage linahusishwa na mzimu wa mvua. Tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, na toleo lililorekebishwa lenye jina Juliasi Kaizari likafuata mwaka 1969. Wahakiki wengi wameisoma kama hoja juu ya uwezo wa Kiswahili, au kama fumbo juu ya madaraka mikononi mwa kiongozi mpya. Sikatai lolote kati ya hayo. Hata hivyo, onyesho la pili la tendo la pili linastahili kusomwa pia kama kesi ya uaguzi, na msomaji wa Mara ana sababu ya kulisoma hivyo.

Mambo yanakwenda hivi. Usiku wa tufani Calpurnia amepiga kelele mara tatu usingizini kwamba mumewe anauawa. Kaizari anawaagiza makuhani wachinje mnyama, na jibu linarudi kwamba ndani ya mnyama hawakuukuta moyo. Kwa jamii za kandokando ya Ziwa zinazojua kusoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa, hapo hakuna haja ya tanbihi. Calpurnia anasihi kwa kupiga magoti, na Kaizari anakubali kubaki nyumbani. Ndipo anapoingia Decius, ambaye usiku uleule amewaahidi wenzake kwamba atamtoa Kaizari nyumbani kwa kumsifu.

Jambo ambalo wahakiki hawalisisitizi vya kutosha ni hili: Calpurnia haisimulii ndoto yake. Anasimulia maajabu ambayo wengine wameyaona mjini, makaburi yaliyofunguka na damu iliyonyunyiza kutoka mawinguni. Ndoto yake mwenyewe inasimuliwa na mumewe, kwa mwanamume mwingine, yeye akiwa amesimama palepale. Kaizari anaeleza kwamba mkewe ameona sanamu yake ikibubujika damu kama chemchemi yenye mifereji mia, na Warumi wakija kwa tabasamu kunawa mikono humo. Decius anadakia kwamba ndoto imeaguliwa vibaya: damu hiyo ni uhai ambao Rumi itaunyonya kutoka kwa Kaizari, na wakubwa watagombea kumbukumbu yake. Kisha anaongeza habari ya taji, na dhihaka kwamba baraza haliwezi kuahirishwa hadi mke wa mtu aote ndoto nzuri zaidi. Kaizari anaicheka hofu ya mkewe, anadai joho lake, anaondoka. Calpurnia hasemi tena neno lolote hadi mwisho wa tamthiliya.

Usomaji wa kawaida husema kwamba Calpurnia aliagua sawasawa na Decius alidanganya. Matini yanakataa wepesi huo. Mara baada ya mauaji, wauaji wanaosha mikono katika damu ya Kaizari: hofu ya Calpurnia imetimia. Lakini katika hotuba yake Antony anawaambia wananchi kwamba wangeujua wosia wa marehemu, wangechovya vitambaa vyao katika damu hiyo takatifu na kuirithisha watoto wao: uongo wa Decius nao umekuwa kweli. Ndoto moja, uaguzi wa aina mbili, na wote umesibu. Basi kilichomuua Kaizari si kukosa uaguzi wa kweli. Ni kwamba uaguzi wa mwenye ndoto ulihesabiwa kuwa woga wa mwanamke, na uaguzi wa mwenye maslahi ukahesabiwa kuwa busara.

Kwa sarufi ya sehemu iliyotangulia, ndoto hiyo imepita hatua zote tatu katika onyesho moja. Inaanza kama tendo la Calpurnia, kelele zake tatu. Inakuwa ujio, onyo lenye kudai kitu. Inaishia kuwa mali, na mwenye mali si yeye: ni Kaizari, kisha Rumi.

4.0 Muotaji na Neno Lake

Tamthiliya ina muotaji mwingine. Cinna, mshairi, ameota akila karamu na Kaizari. Hana hamu ya kutoka nje, lakini kitu kinamvuta. Kundi la watu linamkamata kwa kuwa jina lake ni jina la mmoja wa wauaji, na alipojitetea kwamba yeye ni mshairi, wanapata kisingizio kingine, ubaya wa mashairi yake. Cinna anaisimulia ndoto yake kwa kinywa chake, ila hana wa kumsikiliza. Calpurnia ana wasikilizaji, ila hana kinywa.

Mwaka 1969 huohuo ilitoka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo inalipeleka suala mbele. Kinjeketile akiwa amepagawa anatamka maneno ambayo baadaye, akili zikimrudia, yanamtisha: kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said. Ujio umepita kinywani mwake, lakini si wake. Watu wanachagua sehemu wanayoitaka, ile ya maji na umoja, na neno linamkimbia aliyelitamka. Hussein anatufundisha kwamba hata muotaji mwenye heshima yote ya jamii yake anaweza kunyang'anywa ndoto. Heshima ya omorooti haikuwa dhamana pia. Mwonaji hakuwahi kuwa na uwezo wa kuwazuia wazee au vijana wa koo kulitumia neno lake watakavyo.

5.0 Ndoto ya Kutimizwa

Turudi Tarime na Serengeti. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, wazee wa mila wa koo za Kikuria, inchama, wameendelea kuwa na kauli juu ya misimu, na likizo ya Desemba imekuwa muda wa wasichana kukimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Katika mvutano huu mzito neno ndoto limepewa kazi kubwa.

Kazi hiyo ni mpya. Kiswahili kilijua zamani ndoto ya matamanio, lakini kiliicheka: ndoto za Alinacha ni ndoto za mchuuzi wa vyombo vya kioo anayejiona tajiri mpaka anapiga teke sinia la bidhaa zake. Kwamba leo "kuwa na ndoto" ni sifa, si upuuzi, kunatokana kwa sehemu na mkopo wa maana kutoka Kiingereza. Wako wanaouona mkopo huo kama umaskini wa lugha. Naona vingine. Muundo wa kumiliki unampa msichana kitu ambacho muundo wa ujio haukumpa. Akiambiwa, "Mababu wametaka," mtenda ni mababu na yeye ni shamirisho. Akisema, "Nina ndoto yangu," amejiweka kuwa nafsi ya sentensi. Katika jamii ambamo mwili wake ulikuwa ukiamuliwa na wengine, hilo si badiliko dogo la kisarufi.

Lakini Calpurnia anatuonya. Ndoto inayomilikiwa inaweza kusimuliwa na mwingine mbele ya mwenyewe. Katika hotuba za kampeni ndoto za wasichana husimuliwa na watu wazima, tena kwa orodha ileile: udaktari, ualimu, urubani. Ni nadra msichana aliyekimbia usiku kuulizwa ameota nini tangu alipofika. Huenda alimwota mama yake akilia, au alijiwa na bibi aliyemlaumu. Ndoto hiyo ya usiku haiingii katika fomu kwa sababu haitimiziki, na pengine kwa sababu inalitatiza jibu lililokwisha kuandaliwa. Mzee asemaye, "Mababu wamenijia," na mfadhili asemaye, "Tunatimiza ndoto zao," wanatofautiana sana kimaadili, na makala haya hayawasawazishi. Mmoja anaruhusu kisu, mwingine anakizuia. Wanachoshiriki ni mazoea ya Decius: kuingia nyumbani mwa mtu na maana tayari mkononi.

6.0 Hitimisho

Kwa nini watu huota, na ndoto zina maana gani? Fasihi haina jibu la swali la kwanza linaloweza kushindana na la maabara. Kuhusu la pili, tumeona kwamba maana ya ndoto haikai ndani ya ndoto ikingoja kutolewa. Hupatikana katika mahusiano kati ya aliyeota, anayesimulia na anayeagua. Pale nafasi hizo tatu zinapokaliwa na watu tofauti wasio na nguvu sawa, mwenye ndoto ndiye hunyamaza.

Usomaji huu unaongeza jambo katika uhakiki wa Juliasi Kaizari: tamthiliya iliyozoeleka kuwa ya wanaume wa siasa inageuka kwa kimya cha mwanamke mmoja chumbani. Unaongeza pia wajibu kwa watafiti wa fasihi simulizi mkoani Mara. Tumekusanya utabiri wa waonaji kwa sababu ulihusu mambo makubwa, vita na ujio wa wageni. Ndoto za wasichana wa Tarime na Serengeti, zile za usiku, zinastahili kukusanywa kwa uangalifu uleule, kwa ridhaa yao na kwa maneno yao, kabla hatujawaambia maana yake.